Mo Amin hakuwa na mwalimu, alikuwa na filamu ya picha nane

Kama unakaa Kibera au Kawangware na umeanza kujifunza kupiga picha kwa simu, bila shaka kuna mtu ameshakuuliza umesomea wapi. Mpe jina la Mohamed Amin. Huyo hakuingia chuo chochote cha picha, na bado ni vigumu kutaja mpigapicha wa Afrika Mashariki ambaye kazi yake ilitazamwa na watu wengi kuliko yake. Waliomjua walimwita Mo tu.

Alizaliwa Eastleigh, Nairobi, mwaka 1943. Baba yake alitoka Punjab na alikuwa mfanyakazi wa reli. Ndiyo, reli ile ile inayokata katikati ya Kibera, ile unayoitumia kama njia ya mkato ukitoka Laini Saba. Reli ikamhamishia mzee Dar es Salaam, na familia ikamfuata. Huko ndiko kijana aliponunua kamera yake ya kwanza, Box Brownie ya mkono wa pili, akiwa bado mtoto wa shule.

Hebu nikueleze hiyo kamera, maana siri iko hapo. Box Brownie ilikuwa kiboksi cheusi, yaani kiboksi kweli, chenye lenzi moja upande wa mbele. Hakikuwa na zumu wala fokasi ya kurekebisha, na kasi yake ilikuwa ile ile moja, karibu sehemu ya 1 kwa 50 ya sekunde. Ukikishika vibaya, picha inatikisika. Ukimsogelea mtu kupita kiasi, uso wake unakuwa ukungu. Ukipiga kwenye giza, unatoka na weusi mtupu. Halafu filamu moja ya kamera za namna hiyo ilikuwa inatoa picha nane. Nane, bana! Wewe unapiga arobaini kabla chai haijapoa, kisha unafuta thelathini na tisa.

Mtu mwenye picha nane mfukoni hujifunza mambo ambayo mwenye picha elfu huyaruka. Anatafuta jua liko wapi kabla ya kumtafuta wa kupigwa picha. Anabana viwiko mbavuni, anaegemea ukuta, anatoa pumzi, ndipo anabonyeza. Hana zumu, kwa hiyo anatumia miguu: anasogea mbele, anarudi nyuma, anachuchumaa. Na kwa sababu filamu lazima isafishwe kwanza ndipo ujue ulichopata, kosa la leo unaliona baada ya siku kadhaa, ukiwa tayari umelilipia.

Unaweza kujaribu hayo bila Brownie. Simu yako ina zumu, lakini kwenye simu nyingi za bei nafuu zumu hiyo inakata picha na kuivuta tu, ndiyo maana sura inatoka na chengachenga. Tembea badala ya kuvuta. Na usipige sura ya mtu saa saba mchana pale Toi, jua likiwa utosini, kwani macho yatageuka mashimo mawili meusi. Msogeze hadi mlangoni mwa nyumba ya mabati, yeye asimame ndani hatua moja kutoka kizingitini, wewe ubaki nje. Mwanga wa mlangoni ni laini, na giza la nyuma yake linafanya kazi ambayo studio za mjini hulipisha pesa nyingi. Ukitaka kujua bahati uliyo nayo, piga hiyo hiyo nane tu kwa siku nzima, bila kufuta hata moja, uone utakavyokuwa mgumu wa kubonyeza.

Turudi kwa Mo. Akiwa bado kijana alikuwa tayari anauzia magazeti picha zake, na mwaka 1963, hata miaka 20 kamili ikiwa ndiyo anaifikia, akafungua kampuni yake Dar es Salaam na kuiita Camerapix. Januari 1964 mapinduzi yakatokea Zanzibar, naye akavuka maji kwenda kuyapiga. Visiwa hivyo vilimvutia mno. Mwaka 1966 vilimtia jela kwa karibu mwezi mzima, na alipotoka alifukuzwa Tanzania. Hivyo ndivyo Nairobi ilivyompata tena, akiwa na kamera na rekodi ya jela kabla ya kufika miaka 25.

Julai 5, 1969, siku ya Jumamosi, Tom Mboya alipigwa risasi akitoka kwenye duka la dawa katika barabara iliyoitwa Government Road wakati huo, sasa Moi Avenue. Mo alikuwa miongoni mwa wa kwanza kunasa yaliyofuata, pamoja na juhudi za kumwokoa Mboya. Picha hizo zilimpa tuzo ya mpigapicha bora wa habari za runinga nchini Uingereza mwaka huo. Fikiria kamera za filamu za wanahabari wengi siku zile: unaikaza springi kama saa ya ukutani, inazunguka nusu dakika hivi, inakufa, unakaza tena. Na mkebe mmoja wa filamu hauzidi dakika tatu. Huwezi kuiacha irekodi tu huku unaangalia pembeni. Lazima uamue.

Miaka iliyofuata nitaipitia haraka, kwa sababu orodha ni ndefu: Idi Amin akitwaa Uganda, Wahindi wakifukuzwa huko mwaka 1972, mahujaji wa Makka ambao aliwatolea kitabu kizima. Alikuwa akipiga picha za mnato na za video katika safari moja, akiuza kwa magazeti huku na kwa shirika la Visnews kule. Alikuwa mfanyabiashara haswa, na sioni aibu yoyote katika hilo. Wapigapicha wa mtaani wanaodhani kudai malipo ni kuvunja heshima ya sanaa wangemtazama yeye.

Kisha likaja Korem. Ni mji mdogo wa kaskazini mwa Ethiopia, na Oktoba 1984 maelfu ya watu waliokimbia njaa walikuwa wamejaa nje yake wakisubiri chakula. Mo alifika pamoja na mwandishi Michael Buerk wa BBC. Taarifa yao inaanza alfajiri, kukiwa na baridi na ukungu, mwanga ukiwa bado mdogo. Itafute uitazame sauti ikiwa imezimwa. Utaona kamera haina papara. Inakaa juu ya uso mmoja hadi unatamani iondoke, na haiondoki. Ni yale yale ya Brownie: mwanga wa chini, mkono uliotulia, miguu iliyokubali kusogea.

Ilirushwa Oktoba 23, 1984, na mamia ya vituo duniani wakaichukua. Bob Geldof aliiona akiwa nyumbani, na kutoka hapo zikaja nyimbo za Band Aid na za USA for Africa, kisha tamasha la Live Aid la Julai 13, 1985, London na Philadelphia. Mamilioni ya pauni na dola yakachangwa. Kuna watu waliopata chakula kwa sababu ya mkanda ule.

Lakini kuna upande wa pili, na wewe wa Kibera unaujua kuliko profesa yeyote. Picha zile zile zilimfanya mtu wa mbali aamini kwamba Afrika ni mtoto mwenye tumbo lililovimba, basi. Umeona wageni wakiletwa kwa vikundi kupiga mitaro ya Gatwekera, wanaondoka bila kuuliza jina la mtu. Sidhani Mo alikuwa mmoja wao, kwani alikaa kanda hii maisha yake yote na alipiga harusi, wanyama, marais na mbio za magari pia. Dunia ndiyo ilichagua kukumbuka Korem. Hata hivyo swali linabaki mikononi mwako kila unapoinua simu: huyu mama anayeuza omena, amekukubalia? Ataiona picha? Angependa jirani zake waione?

Boniface Mwangi, aliyejulikana kwa picha zake za ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, zikiwemo za huku mtaani, amesema mara nyingi kwamba habari za maisha ya Mo ndizo zilizomwasha.

Juni 1991, ghala la silaha lililipuka Addis Ababa. Mo alikuwa huko akirekodi. Mwenzake wa sauti, John Mathai, alikufa hapo hapo, na Mo akapoteza mkono wa kushoto. Mpigapicha bila mkono, utasema kazi imeisha. Aliwekewa mkono wa bandia, kamera ikarekebishwa ili aweze kuishika, akarudi uwanjani baada ya miezi michache.

Novemba 23, 1996, alikuwa akirejea Nairobi kutoka Addis Ababa kwa ndege ya shirika la Ethiopia. Vijana watatu waliiteka wakitaka ipelekwe Australia, safari ambayo mafuta hayangefikisha hata nusu. Walionusurika walisimulia kwamba Mo alikuwa amesimama akibishana na watekaji hadi karibu na mwisho. Mafuta yalikwisha, rubani akaishusha baharini karibu na ufuo wa Ngazidja, Comoro. Kati ya watu 175 waliokuwemo, 125 walikufa, Mo akiwa mmoja wao. Alikuwa na miaka 53.

Ndege ikigusa maji na kuvunjika, kuna aliyeirekodi kutoka ufuoni. Alikuwa mtalii, likizoni, na kamera ndogo ya nyumbani.