Émile Durkheim, Mwalimu wa Walimu

Mwalimu mwanafunzi aendapo mazoezi ya kufundisha kwa mara ya kwanza, huwa amejitayarisha kumfundisha mtoto. Amesoma saikolojia, ameandika andalio la somo, amekusanya vielelezo. Afunguapo mlango wa darasa hukuta kundi. Kundi hilo lina viongozi wake ambao hakuna mwalimu aliyewachagua. Lina desturi zake, lina wanaoogopwa na wanaochekwa. Hapo saikolojia huhitaji kusaidiwa na elimu nyingine, nayo ni sosholojia, yaani elimu ya jamii. Katika makala haya tutasimulia maisha ya mmoja wa waasisi wakuu wa elimu hiyo. Yafaa walimu wajue kwamba sehemu kubwa ya kazi yake aliifanya mbele ya walimu wa shule za msingi.

Asili ya elimu hii

Fikra juu ya jamii ni za kale. Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, alikwisha kuchunguza katika kitabu chake cha Muqaddima jinsi mshikamano wa kikabila unavyojenga dola, na jinsi anasa za mjini zinavyoudhoofisha. Jina la sosholojia lilienezwa na Mfaransa Auguste Comte tangu mwaka 1839. Yeye alitaka jamii ichunguzwe kwa utaratibu kama ule wa sayansi ya maumbile. Lakini Comte hakupata kuwa profesa wa chuo kikuu, na alipofariki mwaka 1857 elimu hiyo ilikuwa bado haina mahali pake vyuoni. Mwaka uliofuata alizaliwa Durkheim.

Utoto na masomo

Émile Durkheim alizaliwa tarehe 15 Aprili 1858 katika mji wa Épinal, mashariki ya Ufaransa. Baba yake alikuwa rabi, yaani kiongozi wa dini ya Kiyahudi, kama alivyokuwa babu yake. Émile naye alitazamiwa kuirithi kazi hiyo, lakini akachagua ualimu. Alipokuwa na umri wa miaka 12 Ufaransa ilishindwa vitani na Prussia. Askari wa Kijerumani wakaukalia mji wa Épinal, na katika uchungu wa kushindwa baadhi ya watu wakawageukia Wayahudi na kuwalaumu. Hivyo mtoto huyo aliona mapema jinsi jamii iliyojeruhiwa inavyomtafuta wa kumtwisha lawama.

Alikwenda Paris kujiandaa kuingia Chuo cha École normale supérieure. Alishindwa mtihani mara mbili, akafaulu mara ya tatu, mwaka 1879. Mwaka 1882 alihitimu, akafundisha falsafa katika shule za sekondari kwa miaka kadhaa.

Miaka hiyohiyo, 1881 na 1882, sheria mpya za Ufaransa ziliifanya elimu ya msingi kuwa ya bure na ya lazima, na mafundisho ya dini yakaondolewa katika shule za serikali. Likazuka swali zito: ikiwa mwalimu hasimami tena juu ya amri za dini, atalijenga wapi fundisho la tabia njema? Durkheim alitumia maisha yake kulitafutia swali hilo jibu.

Kazi yake Bordeaux

Mwaka 1887 aliteuliwa kufundisha sayansi ya jamii na ualimu katika Chuo Kikuu cha Bordeaux. Kila wiki alitoa mhadhara juu ya kazi ya ualimu, na wasikilizaji wake wengi walikuwa walimu wa shule za msingi. Huko ndiko alikoandika vitabu vitatu vilivyomjengea jina.

Katika kitabu cha mwaka 1893 juu ya mgawanyo wa kazi, alieleza aina mbili za mshikamano. Katika jamii ndogo za kale watu huungana kwa sababu wanafanana: kazi moja, imani moja, desturi moja. Katika jamii za viwanda huungana kwa sababu wanatofautiana na kutegemeana: mwashi humhitaji mwokaji mikate, naye mwokaji humhitaji mwashi. Mabadiliko yajapo kwa haraka mno, kanuni za zamani hulegea kabla mpya hazijaota mizizi. Hali hiyo ya kukosa kanuni aliiita anomia.

Mwaka 1895 alieleza njia ya kuchunguza. Mambo ya kijamii, alifundisha, yako nje ya mtu mmoja mmoja, nayo humshurutisha. Tuchukue mfano wa maamkizi. Mtoto hakuyabuni, aliyakuta. Akimpita mzee bila kumwamkia hukaripiwa, na hapo ndipo nguvu ya kanuni hudhihirika. Mchunguzi, kwa hiyo, na aanze kwa kutazama mambo kama yalivyo, aache kwanza maoni aliyokuja nayo.

Mwaka 1897 aliijaribu njia hiyo kwa tendo linaloonekana kuwa la faragha kuliko yote, yaani kujiua. Kwa kulinganisha takwimu za nchi za Ulaya, alionyesha kwamba kiwango chake hutofautiana kwa utaratibu baina ya makundi. Waliofungamana na familia na jumuiya walikuwa na kinga kuliko waliokuwa peke yao. Wataalamu wa baadaye wamezitilia shaka baadhi ya takwimu hizo, lakini njia yake imeendelea kufuatwa.

Fundisho juu ya nidhamu

Mwaka 1902 alihamia Chuo Kikuu cha Sorbonne, Paris, kufundisha sayansi ya elimu. Mihadhara yake ya kwanza huko ilihusu malezi ya tabia, nayo ilichapishwa mwaka 1925. Alitaja nguzo tatu za tabia njema: moyo wa nidhamu, kufungamana na kundi, na kuifuata kanuni kwa hiari kwa kuwa tumeielewa sababu yake.

Kuhusu adhabu, alisema kazi yake ni kuonyesha kwamba kanuni iliyovunjwa ingali hai. Maumivu si shabaha yake. Fimbo aliikataa kabisa. Alionya kwamba mwalimu, akiwa na nguvu na maarifa mbele ya watoto wasio na uwezo wa kumzuia, hulewa ukubwa wake kwa urahisi. Aliufananisha ukali huo na ule wa Wazungu walioingia katika nchi za watu waliowadhania kuwa duni. Msomaji wa Afrika hana haja ya kuelezwa zaidi.

Mwisho wake

Vita Vikuu vya Kwanza vilianza mwaka 1914. Wanafunzi wake kadhaa waliuawa, na mwanawe André, aliyekuwa akisomea taaluma ya lugha, alikufa kwa majeraha ya vita mwishoni mwa mwaka 1915. Baba hakupata nguvu tena. Alifariki tarehe 15 Novemba 1917, akiwa na umri wa miaka 59. Mtu aliyefundisha jinsi tunavyoshikiliwa na wenzetu aliona kundi lake likikatwa mbele ya macho yake.

Tusimfuate Durkheim kwa upofu. Aliueleza mshikamano kwa kina kuliko alivyoeleza ugomvi wa matabaka, na kanuni za jamii zaweza kuwa za dhuluma, kama utoto wake mwenyewe ulivyoonyesha. Lakini tunaloweza kulichukua kwake ni la thamani. Katika juma la kwanza la mazoezi, mwanachuo na aweke daftari. Aandike nani hukaa na nani, nani hucheza peke yake, kanuni gani watoto wamejiwekea, na ipi huivunja mwalimu mwenyewe. Huenda mtoto anayeitwa mtukutu akaonekana kuwa mtoto asiye na kundi. Hapo mwalimu atakuwa amepata pa kuanzia kazi, kabla hajafikiria kushika fimbo.