Mwenda Jean Bosco: gitare moja ilitosha

Mwenda Jean Bosco alizaliwa Katanga mwaka 1930, akaimba kwa Kiswahili. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi kule Jadotville, leo Likasi: mtu mmoja na gitare moja isiyo ya umeme. Wimbo wake Masanga ulitoka kwa sahani za Gallotone, ukafika hadi Kenya. Bendi zikahamia gitare za umeme, lakini mwaka 1982 yeye alipiga ile ya kawaida mbele ya watu wa Ulaya. Ajali ya barabarani ilimuua Zambia mwaka 1990.

Leo, hapa Goma, kuna baba anayetoa feza ya minerval ili abadilishe bafle za mwaka jana. Masanga inasikika vizuri hata kwenye redio ndogo ya betri.