Pearl Buck, Mama Aliyetafuta Jina la Ugonjwa wa Mtoto Wake



Katika toleo hili tunawaletea maisha ya mama mmoja aliyejulikana duniani kote kwa vitabu vyake, lakini machozi yake ya nyumbani hayakujulikana kwa miaka mingi. Jina lake ni Pearl Buck. Tumemchagua kwa sababu katika makanisa yetu hapa kambini kuna familia nyingi zinazobeba mzigo kama wake. Wako waliokimbia na watoto wao wa kuzaa, wako waliokimbia na watoto wa ndugu waliokufa, na wako waliompokea mtoto njiani bila kujua hata jina la baba yake. Halafu mtoto anafika miaka miwili, mitatu, hasemi. Au anaanguka anguka. Au hatembei. Kituo cha afya wanampima na kusema tungojee. Majirani hawangoji, wao wana jibu tayari: ni laana, ni uchawi, ni dhambi ya wazazi wake. Mama huyu alipita katika njia hiyo hiyo.

Mtoto wa wamisionari

Pearl alizaliwa tarehe 26 Juni 1892 huko Hillsboro, West Virginia, Marekani. Wazazi wake, Absalom na Caroline Sydenstricker, walikuwa wamisionari wa kanisa la Presbiteri nchini China, nao walimpeleka huko akiwa bado mchanga. Alikulia Zhenjiang, mji ulio kando ya mto Yangtze. Alijua Kichina kama watoto wa pale na kucheza nao.

Nyumba ya wazazi wake iliujua msiba. Kati ya watoto saba aliowazaa mama yake, wanne walikufa wakiwa wadogo. Tena Pearl alionja ukimbizi mapema. Mwaka 1900, wakati wa uasi wa Mabondia, wageni na Wakristo Wachina wengi waliuawa. Mama yake aliwachukua watoto akakimbilia nao Shanghai, baba akabaki nyuma katika kazi yake. Pearl alikuwa na miaka minane.

Alisoma chuo Marekani, akamaliza mwaka 1914, akarudi China. Mwaka 1917 aliolewa na John Lossing Buck, mmisionari mtaalamu wa kilimo. Baadaye walihamia Nanjing, wakafundisha katika chuo kikuu cha huko.

Carol

Tarehe 4 Machi 1920 alizaliwa binti yao, Carol. Alikuwa mtoto mzuri wa sura, na mama yake alimfurahia sana. Lakini baada ya uzazi ule madaktari waligundua uvimbe katika tumbo la uzazi la Pearl. Alipasuliwa, na tangu hapo hakuweza kuzaa tena. Carol akawa mtoto wake wa pekee wa tumbo lake.

Miaka ikapita. Watoto wa rika lake walianza kusema, Carol hakusema. Ngozi yake ilikuwa na ukurutu. Rafiki waliona kwamba kuna jambo, lakini hawakutaka kumwumiza mama, wakamwambia kuwa watoto wengine huchelewa tu. Hili tunalijua sote. Mara nyingi watu wanaotupenda hunyamaza, na wasiotupenda ndio wanaosema. Mama akabaki kati ya tumaini na hofu, mpaka mtoto alipokaribia miaka minne. Ndipo madaktari wa pale China wakamwambia kwamba kuna kasoro, lakini hawaijui, ampeleke Marekani.

Kutoka daktari hadi daktari

Mwaka 1924 familia ilikwenda Marekani. Pearl alimzungusha Carol kwa madaktari wengi. Huyu alipima hiki, yule alipima kile, na kila mara mama alilipa fedha na kuondoka bila jibu. Mwisho alifika hospitali ya Mayo, huko Rochester, Minnesota. Walimpima mtoto kwa uangalifu. Mkuu wa idara ya watoto akakiri kwamba haoni sababu. Mtoto anaonekana mzima, ila akili yake haikukua. Hakumkatia mama tumaini lote.

Mama alipokuwa akitoka, daktari mwingine, mtu mfupi mwenye lafudhi ya Kijerumani, alimwita pembeni. Huyu alimwambia kweli bila kuzungusha. Alimweleza kwamba mtoto huyu hatapona, hatakuwa kama wengine, na kwamba yeye mama asimalize nguvu zake zote na mali yake yote akikimbilia watu watakaomdanganya. Amtafutie mahali atakapokuwa na furaha. Maneno hayo yalimchoma Pearl kama kisu. Lakini miaka mingi baadaye aliandika kwamba anamshukuru daktari yule kuliko wote.

Tuangalie jambo moja hapa. Daktari yule alijua mwisho wa safari, lakini jina la ugonjwa hakulijua. Hakuna aliyelijua wakati huo duniani kote. Pearl alirudi na mtoto wake mkononi, bila jina, bila dawa, bila sababu.

Janice

Katika safari hiyo hiyo, mwaka 1925, Pearl na mume wake walifanya jambo la kushangaza. Wakiwa na mtoto mmoja mgonjwa asiyejulikana anaumwa nini, walikwenda katika nyumba ya yatima katika jimbo la New York wakaasili mtoto mwingine, yaani walimchukua kwa sheria awe wao. Alikuwa kichanga dhaifu wa miezi mitatu. Walimwita Janice. Mtu angeweza kuwaambia kuwa mzigo walio nao unatosha. Wao walimpokea, wakarudi China na mabinti wawili. Mtoto huyu Janice msimsahau, tutamrudia.

Siku ile ya Nanjing

Mwezi Machi 1927 vita vilifika Nanjing. Askari walianza kupora nyumba za wageni na kuua. John Williams, makamu wa mkuu wa chuo kikuu, alipigwa risasi akafa. Mwanamke mmoja Mchina, maskini, ambaye Pearl alikuwa amemsaidia zamani, alikuja mbio akawaficha katika kibanda chake. Humo walijibana Pearl na mume wake, Carol wa miaka saba, Janice mdogo, baba yake mzee, na dada yake pamoja na familia yake. Walikaa humo saa nyingi wakisikia milio ya bunduki na nyumba zao zikiporwa. Fikirini kukaa mafichoni na mtoto asiyeelewa akiambiwa anyamaze. Wako kati yetu wanaojua jambo hilo kuliko sisi tunaoandika.

Walipona. Meli ya Marekani iliwapeleka Shanghai, kisha wakakaa miezi kadhaa milimani Japani kama wakimbizi, bila mali. Waliokolewa na mama aliyekuwa hana kitu ila kibanda.

Kalamu jasho mkononi

Pearl hakuacha kumfundisha Carol. Alijitahidi kumfundisha kusoma na kuandika, kila siku, kwa subira. Siku moja alimshika mkono ili amwongoze kalamu, akaona kiganja cha mtoto kimelowa jasho. Akaelewa kuwa mtoto haelewi hata kidogo. Anajilazimisha tu ili ampendeze mama. Siku hiyo Pearl aliweka vitabu kando. Aliona kwamba hana haki ya kumtesa mtoto kwa ajili ya tumaini lake mwenyewe. Carol alipenda sana muziki, basi akaachwa afurahie muziki.

Lakini swali moja lilimsumbua: nikifa, nani atamtunza? Katika nchi zilizojaa vita swali hilo ni zito. Mwaka 1929 alimpeleka Carol katika shule ya watoto wa namna yake huko Vineland, New Jersey. Alilia sana kumwacha. Ada ilikuwa kubwa, na hiyo ni sababu moja iliyomfanya aandike kwa bidii. Mwaka 1931 kilitoka kitabu chake kiitwacho The Good Earth, habari za mkulima wa China na familia yake. Katika kitabu hicho yumo binti asiyeweza kusema, ambaye baba yake anampenda na kumlinda. Wasomaji wengi hawakujua kuwa mwandishi anamlilia binti yake. Mwaka 1938 Pearl alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi.

Sisi hatuna shule kama ile ya Vineland, na desturi zetu ni mtoto kukaa na jamaa. Lakini swali la Pearl ni letu pia. Kila mzazi mwenye mtoto wa hivyo afikirie mapema nani atashika nafasi yake, na kanisa limsaidie kujibu.

Jina lilipopatikana

Mama mmoja huko Norwei, Borgny Egeland, alikuwa na watoto wawili wenye shida kama ya Carol. Alizunguka kwa madaktari akiuliza, na alisema kuwa mkojo wa watoto wake una harufu ya ajabu. Mwaka 1934 Daktari Asbjørn Følling alikubali kuupima mkojo huo. Akakuta kemikali isiyopaswa kuwamo. Ugonjwa huo leo unaitwa fenilketonuria. Mwili wa mtoto hauwezi kutumia sehemu moja ya protini ya chakula. Sehemu hiyo inajaa katika damu na kuharibu ubongo unaokua. Mtoto huurithi kwa baba na mama wote wawili, nao wenyewe ni wazima, hawana dalili yoyote.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 madaktari wa Birmingham, Uingereza, walitengeneza chakula maalumu cha kuuzuia. Miaka ya 1960 ilianza Robert Guthrie wa Marekani, ambaye naye alikuwa baba wa mtoto mwenye ulemavu wa akili, akiwa ametafuta njia ya kuupima kwa matone ya damu kutoka kisigino cha mtoto mchanga. Leo mtoto akipimwa mapema na kupewa chakula hicho, hukua vizuri. Carol alikuwa mtu mzima ilipofahamika kuwa huo ndio ugonjwa wake. Kwake saa ilikuwa imepita.

Ugonjwa huu ni nadra sana kwa Waafrika, kwa hiyo hatuuelezi ili mtu aseme mtoto wake anao. Tunaueleza ili mwone: haikuwa laana. Haikuwa kosa la mama.

Watoto waliokataliwa

Mwaka 1950 Pearl aliandika waziwazi habari za Carol, kwa kusudi la kuwatia moyo wazazi wengine waliokuwa wakificha watoto wao. Aliendelea kuasili, kwa jumla watoto aliowaasili walikuwa saba. Mwaka 1949 alianzisha Welcome House, shirika la kuwatafutia wazazi watoto wenye damu ya Asia na Marekani, ambao mashirika mengine yaliwakataa.

Hatumleti Pearl kama mtu asiye na kasoro. Ndoa yake ya kwanza ilivunjika mwaka 1935. Alitofautiana na viongozi wa misheni, akajiuzulu mwaka 1933, na imani yake haikubaki ile ya baba yake. Tunasema hayo kwa kuwa ni kweli. Lakini upendo wake kwa mtoto mgonjwa na kwa watoto wa wengine ulizaa matunda.

Alikufa tarehe 6 Machi 1973, akiwa na miaka 80. Je, nani alimtunza Carol? Ni Janice. Yule kichanga dhaifu aliyetolewa katika nyumba ya yatima ndiye aliyekuwa mlezi wa Carol baada ya mama yao kufa. Carol aliishi mpaka mwaka 1992.

Tunajifunza nini?

Kwanza, tusiwahukumu wazazi. Katika Yohana sura ya 9 wanafunzi walimwuliza Bwana nani alitenda dhambi, kijana kipofu au wazazi wake. Bwana alikataa yote mawili. Sisi ni nani hata tuseme vingine juu ya mtoto wa jirani?

Pili, tuendelee kuuliza. Mama Egeland alisema jambo dogo, harufu, nalo likafungua mlango. Mama, shika siku: mtoto aliketi lini, aliacha kusema lini, alianguka mara ngapi. Tunza kadi yake na karatasi za rufaa. Ukiwa umempokea mtoto usiyejua ukoo wake, mwambie daktari hivyo hivyo, si aibu. Maombi na dawa havigombani. Anayekuambia uache dawa ya kifafa ili uonyeshe imani, usimsikilize.

Tatu, mtoto asifichwe wala kufungwa ndani. Mleteni kanisani. Akipiga kelele wakati wa mahubiri, sisi wachungaji tutangoja.

Nne, kanisa lisiwaache wazazi peke yao. Kuna siku mama anahitaji mtu wa kukaa na mtoto ili yeye akapange foleni ya mgao au akachote maji. Hiyo ni huduma, haina haja ya cheo.

Tuombe: Ee Bwana, wewe unayejua kila ugonjwa hata usiokuwa na jina kwetu, uwashike mkono wazazi walio katika kungoja. Uwape waganga hekima, na sisi majirani utupe ulimi wa huruma. Amina.