Omukama Kabalega na Vita vya Masindi

Wasomaji wetu, wanafunzi wenzangu na ninyi ndugu zetu mliotutangulia katika shule hii, bila shaka jina la Omukama Kabalega wa Bunyoro mmelisikia tangu utoto. Wengi tulifundishwa kwamba alipigana na Waingereza na kwamba mwisho walimkamata. Hayo ni kweli, lakini ni machache mno. Mimi ni Mnyoro, na nyumbani kwetu jina hilo hutajwa mara nyingi. Hata hivyo sikupata kumfahamu mtu mwenyewe mpaka mwezi wa Juni uliopita, shule yetu ilipoungana na wenyeji wa jirani kuigiza vita vya Masindi vya mwaka 1872. Basi nataka kuwasimulia maisha yake, pamoja na jambo moja ambalo maigizo yale yalinifunulia.

Kabalega alizaliwa yapata mwaka 1853. Baba yake, Omukama Kamurasi, ndiye aliyewapokea Speke na Grant mwaka 1862, na Samuel Baker mwaka 1864, walipokuwa wakitafuta chanzo cha mto Nile. Kamurasi alipofariki mwaka 1869, wanawe wawili wakagombea kiti, yaani Kabalega na ndugu yake Kabigumire. Wakubwa wengi wa ukoo wa kifalme walimtaka Kabigumire. Kabalega akategemea zaidi askari na watu wa kawaida, akapigana, akashinda. Kwa hesabu hiyo alikalia kiti cha Babito kabla ya kutimiza miaka 20. Mimi ninayeandika nina miaka 19, na kazi niliyokabidhiwa ni kutunza funguo za bweni.

Mwaka 1872 Baker akarudi, lakini safari hii hakuja kama mpelelezi wa mito. Alikuwa ametumwa na Khedive Ismail, mtawala wa Misri, kukomesha biashara ya watumwa na kuzitia nchi za Nile ya juu chini ya Misri. Alikuwa na askari wapatao 100, Wamisri na Wasudani, wenye bunduki nzuri za kutiwa risasi kwa nyuma. Mke wake, Florence, alikuwa pamoja naye. Tarehe 14 Mei akapandisha bendera ya Misri pale Masindi, mji wa Kabalega, akatangaza kwamba Bunyoro sasa ni mali ya Khedive. Mwenye nchi hakuwa ameombwa ruhusa. Yule kijana akatazama, akanyamaza, akangoja.

Sasa niwaeleze habari za maigizo yetu. Aliyetuongoza alikuwa mzee mmoja wa kijijini, ambaye sote tulimwita Amooti, kwa maana desturi yetu Wanyoro ni kumwita mtu kwa jina lake la heshima. Mikuki yetu ilikuwa mabua ya mtama, na bunduki zilichongwa na fundi wa shule kwa mabaki ya mbao. Shida ya kwanza ilikuwa kugawana majeshi. Kila mtu alitaka kuwa upande wa Kabalega. Hakuna aliyetaka kuwa askari wa Baker. Mwishowe tukapiga kura kwa vijiti, nami nikaangukia kwa Baker. Nikavikwa kofia nyekundu iliyoshonwa kwa kitambaa cha pazia, nikapewa sanduku la kubeba kichwani.

Shida ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Baker aliandika katika kitabu chake kwamba jioni ya tarehe 7 Juni askari wake waliletewa pombe kutoka kwa Kabalega, wakainywa, wakaanguka wagonjwa, naye akawapa dawa ya kutapika. Akasema ilikuwa na sumu. Baadhi yetu tulitaka jambo hilo liachwe, kwa kuwa linamwaibisha shujaa wetu. Wengine wakasema kwamba aliyeandika siku zile alikuwa Baker peke yake, na mtu anayeshtaki hawezi kuwa pia hakimu. Amooti akatusikiliza wote, kisha akaamua pombe iletwe uwanjani. Alitueleza kwamba mtu aliyeketi nyumbani kwake, na bendera ya mgeni ikipepea mbele ya mlango wake, hutumia silaha aliyo nayo. Nasi hatukuwa na haki ya kumwosha Kabalega hata awe mtu mwingine. Basi mitungi ikaletwa, ina maji ya ndizi, tukanywa, tukaanguka kama tulivyoagizwa.

Vita vyenyewe vilipiganwa asubuhi ya tarehe 8 Juni 1872. Wanyoro walishambulia kwa wingi, lakini mbele ya bunduki zile mikuki na bunduki zao za zamani hazikufua dafu. Kwa muda wa kama saa moja hivi Wanyoro walirudishwa nyuma, na mji wa Masindi, uliokuwa wa nyumba za nyasi, ukateketezwa kwa moto.

Hapo tukafika penye ugomvi wa tatu. Mwalimu mmoja alishauri maigizo yaishie hapo kwenye moto, kwa sababu muda ni mfupi. Vijana wa upande wa Kabalega wakakataa katakata. Wakataka Baker auawe palepale mbele ya wazazi, watu wapige vigelegele, kisha twende tukale. Amooti akayakataa yote mawili. Baker hakufa Masindi. Alikufa kwao Uingereza mwaka 1893. Wala moto haukuwa mwisho wa vita. Akaagiza kwamba siku ya pili ya maigizo tuondoke uwanjani tufuate njia ya bondeni, penye majani marefu kuliko mtu, tutembee mpaka mtoni.

Naam, ndivyo ilivyokuwa hata zamani. Baada ya kuuchoma mji, Baker alijikuta katikati ya nchi tupu. Watu wamekimbia, hakuna anayeuza chakula, na usiku mishale na risasi zatoka gizani. Lau Florence hakuwa ameweka akiba ya nafaka kwa siri, njaa ingewamaliza. Katikati ya Juni akaichoma moto ngome yake mwenyewe pamoja na mizigo mingi, akashika njia ya Foweira kwenye mto Nile. Safari hiyo ilichukua zaidi ya wiki moja, na njia nzima Wanyoro walivizia majanini wakirusha mikuki, kisha wakitoweka.

Mimi nilitembea katika msafara ule wa maigizo, sanduku kichwani, jua kali. Nilijua vizuri kwamba waliojificha ni rafiki zangu wa bweni, na kwamba mikuki yao ni mabua. Hata hivyo, bua la kwanza liliponipiga ubavuni, nilishtuka moyo ukanidunda. Nikageuka, sikuona mtu. Majani yalikuwa yakitikisika kidogo tu. Likaja la pili kutoka upande mwingine. Baada ya nusu saa hatukuwa tena jeshi. Kila mmoja alitazama upande wake tu, hakuna aliyeimba, na wawili waliacha mizigo yao njiani bila kuagizwa. Nikafahamu hapo kwamba aliyeuchoma mji ndiye aliyekuwa akikimbia, na yule aliyechomewa mji ndiye aliyekuwa akimfukuza. Kabalega alikuwa ametambua mapema jambo ambalo wakubwa wengi wa Afrika walilijua baada ya hasara kubwa: kwamba nyumba ya nyasi hujengwa tena, lakini jeshi likivunjika mara moja mbele ya bunduki, halirudi.

Akili hiyo ndiyo iliyoongoza maisha yake yote yaliyofuata. Aliimarisha jeshi lake la kudumu, lililoitwa Abarusura, chini ya majemadari kama Rwabudongo na Ireeta, akatafuta bunduki kwa wafanya biashara. Emin Pasha alipomtembelea mwaka 1877, alimkuta mtu mpole mwenye akili na maswali mengi, si yule mlevi mkali aliyeelezwa na Baker. Mwaka 1886 majeshi ya Buganda yalipoingia nchini mwake, yalishindwa huko Rwengabi. Lakini mwaka 1891 Lugard alimrudisha Kasagama katika kiti cha Toro, akajenga ngome na kuziweka chini ya askari wa Kisudani, na hivyo Kabalega akafungiwa njia ya magharibi.

Mwisho wa mwaka 1893 Waingereza wakatangaza vita. Kanali Colvile akaja na askari wa Kisudani na maelfu ya Waganda. Kabalega hakungoja kuvunjwa. Akauacha mji wake wa Mparo, karibu na Hoima, akaingia msitu wa Budongo, na baadaye akavuka Nile mpaka nchi ya Lango. Kwa miaka mitano na zaidi aliwasumbua adui zake kwa namna ileile ya njia ya Foweira, akitokea na kutoweka. Mwanga, Kabaka wa Buganda, ambaye zamani alikuwa adui yake, naye alipowaasi Waingereza akamkimbilia, wakawa wenzi.

Tarehe 9 Aprili 1899 wote wawili wakazingirwa na kukamatwa huko Lango. Kabalega alipigana mpaka akapigwa risasi, na mkono wake mmoja ukakatwa. Wakapelekwa Kismayu, na mwaka 1901 wakahamishiwa visiwa vya Seychelles. Mwanga akafia huko mwaka 1903. Kabalega akaishi, akabatizwa kwa jina la Yohana, akazeeka akiitazama bahari ambayo hakuna mtu wa Bunyoro aliyeijua. Mwaka 1923 akaruhusiwa kurudi. Akafika Jinja, kwenye mto uleule wa Nile, na hapo tarehe 6 Aprili akafariki kabla ya kuiona nchi yake. Akazikwa Mparo.

Ndugu wasomaji, si haki nimsifu Kabalega nisitaje gharama. Mfalme akiingia msituni, mkulima hubaki na shamba lake. Katika miaka ile mashamba yalichomwa, njaa na maradhi vikafuata, na vijiji vingi vya Bunyoro vikabaki mahame. Sehemu za kusini za nchi zikapewa Buganda. Buyaga na Bugangaizi hazikurudi mpaka baada ya kura ya mwaka 1964. Amooti alitueleza kwamba watoto wengi wa siku zile hawakuacha hata jina la kutajwa katika hadithi. Uvumilivu wa Kabalega ulilipwa na watu ambao hakuna anayewaigiza.

Wenzangu wengine husema kwamba kwa kuwa alishindwa mwisho, ilikuwa kazi bure. Mimi sikubali. Pia sikubali na wale wanaomfanya mtu asiyejua kushindwa, kwa maana huo ni uongo, na uongo haumsaidii aliyekufa. Alishindwa Masindi kwa saa moja, akashinda kwa wiki moja. Akapoteza nchi, lakini hakuiuza. Pombe, moto, majani marefu, mkono uliokatwa, yote ni yake. Anayetaka kumheshimu na ayabebe yote pamoja.

Ninyi mnaopita Hoima kwa kazi zenu, hasa ninyi mliomaliza shule mkawa na magari yenu, geukeni kidogo mfike Mparo. Kaburi lipo. Simameni hapo, mkumbuke kwamba aliyelala humo alitawazwa katika umri wa mwanafunzi wa kidato cha juu, na kwamba akaitunza kazi aliyopewa kwa muda wa miaka karibu 30.