Pavlov na maji makali ya tumbo

Ukitaja Pavlov darasani, wote watajibu: mbwa na kengele! Sawa, lakini zawadi ya Nobel ya mwaka 1904 hakupewa kwa sababu ya kengele. Alipewa kwa kazi yake juu ya tumbo.

Ivan Pavlov alizaliwa Ryazan, Urusi, tarehe 26 Septemba 1849, mtoto wa padri wa Kiorthodoksi. Alisoma seminari afuate njia ya baba yake, halafu mwaka 1870 akaiacha, akaenda Petersburg kujifunza sayansi.

Jaribio lake kubwa ni hili. Alimpasua mbwa shingoni, akautoa nje mfereji wa chakula, na tumboni akatia kibomba. Mbwa anakula nyama kwa furaha, kumbe yote inaangukia nje kupitia shingo, tumboni haifiki hata kipande. Baada ya dakika chache maji makali yanatiririka kibombani! Akikata mshipa wa fahamu unaotoka ubongoni kwenda tumboni, hayatoki tena. Basi ubongo ndio ulitoa amri. Hata sisi, tukisikia harufu ya samaki wa Kasenyi kwenye mafuta, tumbo limeshaanza kazi. (Mbwa wale waliteseka, tusifiche.)

Pavlov akashikilia kwamba amri zote za kusaga chakula hupita kwenye mishipa ya fahamu. Lakini mwaka 1902 Waingereza wawili, Bayliss na Starling, wakaonyesha kwamba kongosho hupata amri ingine, inayopita ndani ya damu. Yeye akaagiza jaribio lao lirudiwe mbele yake. Likatokea vilevile. Akatoka bila neno, akakaa kama nusu saa, akarudi na kukubali kwamba wale wameona kweli. Mkubwa namna ile, mbele ya wanafunzi wake, si mchezo.

Mwaka 1905 Edkins akagundua homoni ya tumbo lenyewe, gastrini. Popielski, aliyekuwa mwanafunzi wa Pavlov, akaona histamini nayo inatoa asidi. Basi seli za asidi katika ukuta wa tumbo zina wakubwa watatu: mshipa wa fahamu, gastrini na histamini. Zikiamriwa, zinasogeza pampu zake kwenye uso wa seli. Kila pampu inasukuma protoni nje na kuingiza potasiamu, kwa nguvu ya ATP. Omeprazoli, ile dawa ya vidonda vya tumbo, inafunga pampu hiyo hiyo.

Pavlov alikufa Leningrad tarehe 27 Februari 1936, na miaka 86. Pampu yenyewe ilikuja kujulikana katika miaka ya 1970.