Kinjekitile Ngwale: Aliyefundisha umoja kabla ya Maji Maji

Na Mwandishi Wetu

WENGI wanamkumbuka Kinjekitile Ngwale kama mganga aliyegawa maji ya kuzuia risasi. Lakini katika vilima vya Umatumbi, kuzunguka Kipatimu wilayani Kilwa, alifanya kazi nyingine kubwa zaidi: kuwafundisha watu wa koo na makabila mbalimbali kwamba hawakuzaliwa kuwa watumwa wa Mjerumani.

Kinjekitile aliishi Ngarambe, upande wa Rufiji. Kwa mujibu wa masimulizi ya wazee, mwaka 1904 alipandwa na pepo aitwaye Hongo, akazama mtoni na kuibuka kesho yake akiwa mkavu. Habari zake zilienea kwa siri, kwa mnong'ono ambao Wamatumbi waliuita njwiywila.

Mafundisho hayo yaliwakuta watu wamechoshwa. Kuanzia mwaka 1902, serikali ya Gavana von Götzen iliwalazimisha kulima pamba katika mashamba ya pamoja, wakisimamiwa na majumbe na maakida. Viboko vilikuwa vingi, ujira kiduchu, na mashamba yao ya chakula yalikosa wa kuyapalilia.

Wamatumbi, Wangindo na majirani zao walimiminika Ngarambe. Kila mmoja alikuja na wazee wake na mizimu yake, lakini wote walipokea maji yale yale na kuambiwa kuwa wao ni wamoja. Kisha walitakiwa warudi makwao kusubiri amri.

Amri ilichelewa. Julai 1905, Wamatumbi wa Nandete, si mbali na Kipatimu, waling'oa pamba na vita vikaanza. Kinjekitile alikamatwa, na Agosti 4, 1905 Wajerumani walimnyonga Mohoro.

Vita viliendelea hadi mwaka 1907, vikafika Mahenge na Ungoni. Maji hayakuzuia risasi. Wajerumani walichoma vijiji na akiba za chakula, na njaa ikaua wengi kuliko bunduki. Makadirio ya waliokufa ni kati ya watu 75,000 na 300,000.

Dawa ilishindwa, somo likabaki. Mwaka 1956, Mwalimu Julius Nyerere aliieleza historia ya vita hivyo mbele ya Umoja wa Mataifa, alipokuwa akidai uhuru wa Tanganyika. Mwishoni mwa miaka ya 1960, mwanahistoria G.C.K. Gwassa alikusanya simulizi za wazee wa Umatumbi, wakiwamo walioishi wakati wa vita. Mwaka 1969, tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, ilichapishwa na baadaye kusomwa na vizazi vya wanafunzi.

Novemba 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani aliomba msamaha mjini Songea kwa yaliyotendwa na wakoloni.

Kinjekitile hakuacha andiko lolote. Mengi yanayojulikana kuhusu mafundisho yake yamefika leo kwa sababu wazee waliyasimulia, na vijana wakakubali kuketi na kusikiliza.