Maisha ya Dakta Krapf, Aliyeshukuru Katika Taabu

Baada ya hesabu za ada na za misaada ya matanga, yafaa tusome habari za mtu aliyepatwa na misiba mingi asiache kumshukuru Mungu. Mtu huyo ni Dakta Johann Ludwig Krapf, ambaye safari zake zilipita karibu na Galu yetu.

Alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, Ujerumani, mwana wa mkulima. Mwaka 1837 misioni ya C.M.S. ilimpeleka Uhabeshi, na huko mlango ukafungwa. Mwaka 1842 alimwoa Bibi Rosine Dietrich. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa safarini kabla ya siku zake, akafa. Wakamwita Eneba, maana yake chozi kwa lugha ya nchi ile.

Januari 1844 walifika Unguja. Sayyid Said aliwapokea kwa heshima, akampa Krapf barua kwa maliwali wake wa pwani, nao wakahamia Mombasa. Mwezi wa Julai Bibi Rosine alijifungua binti, kisha homa ikamshika. Krapf mwenyewe alikuwa kitandani na homa hiyo hiyo, hata hakuweza kumwuguza ipasavyo. Mkewe akafa, na baada ya siku chache kitoto nacho kikafa. Walizikwa bara, upande wa Mkomani, na kaburi lipo hata leo.

Wengi wetu tungepanda chombo turudi kwetu, wala asingepatikana wa kutulaumu. Yeye aliwaandikia wakubwa wake Uingereza kwamba kaburi lile ni dalili ya kazi iliyoanza, wajiandae kuleta watu wengine. Si kwamba hakulia. Shukrani yake ilikuwa ya mtu mwenye machozi, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo ngumu.

Aliendelea kutafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Tusisahau kwamba waliomsaidia katika lugha ni Waislamu wa Mombasa, na miongoni mwao alikuwamo kadhi. Kweli, katika vitabu vyake aliandika maneno makali juu ya watu wa pwani, na mzee asomaye leo huchukizwa, tena kwa haki. Walakini wenyeji walimtendea wema katika msiba wake.

Mwaka 1846 alikuja Johannes Rebmann, wakahamia Rabai hali wote wawili ni wagonjwa. Mwaka 1848 Krapf alipita nchi ya Wadigo na vilima vya Shimba akienda kwa Mfalme Kimweri wa Usambara. Mwaka 1850 alisafiri kwa chombo kutoka Mombasa hata rasi ya Delgado, akipita mbele ya pwani hii yetu.

Taabu kuu ilimpata Ukambani mwaka 1851. Karibu na mto Tana wanyang'anyi waliwashambulia, wakamwua mwenyeji wake, Kivoi, mfanya biashara mkubwa wa Wakamba. Krapf alikimbilia mwituni peke yake. Alipofika mtoni hakuwa na kibuyu. Akajaza maji katika mfuko wa ngozi wa darubini na katika mitutu ya bunduki, akaiziba kwa majani na vipande vya nguo yake. Maji yalikwisha, kiu ikamzidi. Ndipo aliposikia kelele za nyani, akafuata sauti, akakuta shimo walilolichimba mchangani, nalo lina maji. Alimshukuru Mungu papo hapo, akamwaga baruti katika leso ili pembe yake ichukue maji. Njaa ilipomzidi alikula baruti pamoja na machipukizi ya mti. Akafika Rabai akiwa hai.

Na mavuno yake? Mtu wa kwanza kubatizwa katika kazi ile alikuwa Mringe, kiwete, karibu na kufa kwake, mwaka huo wa 1851. Mtu mmoja tu, baada ya miaka saba na makaburi yale!

Afya ilimshinda, akaondoka mwaka 1853. Mwaka 1862 alirudi kwa muda kuwasaidia Wamethodisti walioanza kazi Ribe. Siku zake za mwisho alikaa Korntal akiandika kamusi ya Kiswahili. Tarehe 26 Novemba 1881 walimkuta amefariki, amepiga magoti kando ya kitanda. Alizikwa huko huko alikozikwa Rebmann miaka mitano kabla, na kamusi yake ikapigwa chapa London mwaka 1882.